Trela yako ya kutisha haitishi? Fungua daftari kabla ya kulaumu kamera

Mwongozo huu ni wa wanafunzi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaotengeneza trela ya filamu ya kutisha kwa simu, kwa kamera ya kuazima, au kwa chochote kilichopatikana. Mara nyingi filamu yenyewe haipo wala haitakuwepo. Kazi ni trela tu, pamoja na daftari la utafiti na mpango. Kasoro huonekana siku ya montaji, yaani kukata na kuunganisha picha, kila mtu akasema kamera ni mbaya, lakini ukiifuatilia utaikuta ilizaliwa siku ile kikundi kilipokubaliana haraka haraka juu ya msichana, nyumba tupu na pepo, kisha kikaenda kutafuta rangi nyekundu.

Tafuta hapa chini dalili inayofanana na yako. Za mwanzo ndizo ninazokutana nazo zaidi.

Watu wanacheka pale walipotakiwa kuogopa

Usikimbilie kubadilisha muziki. Onyesha trela tena kwa watu wengine, kaa pembeni, watazame wao badala ya skrini, na uandike sekunde ambayo kicheko kilitoka. Mahali pa kicheko patakuonyesha chanzo.

Kicheko kikija mapema, kabla kitisho hakijaonekana, hofu yenu ni ya kuazima. Msichana yuko peke yake kwenye jumba kubwa la mbao, ngazi zinashuka kwenye chumba cha chini, simu ya mezani inalia. Mtazamaji wa Ndosho au Majengo, mitaa ya hapa Goma, anaijua nyumba ya mbao kuliko mwongozaji yeyote wa Marekani, kwa sababu ndimo anamolala. Anajua kwamba jirani akikohoa unamsikia. Anajua chini ya sakafu hakuna chumba, kuna mawe ya volkano ambayo hata kuchimba shimo la choo ni kazi ya nyundo na jasho. Basi swali linalomjia ni moja: kwa nini huyu hapigi kelele majirani waje? Trela isipolijibu anacheka, na ana haki.

Kuhamishia hadithi msituni hakusaidii. Andikeni kwenye daftari, kwa sentensi moja, jinsi upweke unavyoweza kumpata mtu mahali ambapo hakuna aliye peke yake. Labda majirani wote wanasikia na hakuna anayefungua mlango. Labda kuna anayegonga ukuta wa mbao kutoka upande ambao hauna nyumba. Labda yule mama wa nyuma anayeomba chumvi kila jioni kupitia upenyo wa mbao alihama mwezi uliopita. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji pepo, damu wala vazi la kushona, na zote zinawezekana katika parseli ya hapa, yaani kiwanja chenye nyumba za watu.

Kicheko kikija wakati kitisho kinajitokeza, mmekionyesha kwa muda mrefu mno. Rudini kwenye dekupaji, ile orodha ya shoti moja moja, mhesabu sekunde ambazo kitisho kinaonekana kizima. Zikizidi mbili, kateni. Bakisheni vidole kwenye ukingo wa mlango, kivuli kinachopita juu ya bati, mguu usio na kiatu kwenye mawe makali. Kinachoonekana kwa vipande kinakamilishwa na akili ya mtazamaji, nayo haidai bajeti.

Kuna kicheko cha tatu kisicho na maana yoyote: wanadarasa wamemtambua mwenzao chini ya unga. Hicho kipuuzeni, mkatafute watazamaji wa shule nyingine.

Hakuna anayecheka, lakini chumba kimepoa na mtu ametoka nje

Hii ni nzito kuliko ile ya kwanza, na vikundi vingine huifurahia vikidhani vimefaulu. Karibu kila mara chanzo ni kwamba trela imegusa kidonda halisi.

Hofu ya sinema ina mlango wa kutokea. Baada ya sekunde 90 taa zinawashwa, watu wanaulizana nani ameruka. Mlio wa risasi, familia inayokimbia na magodoro kichwani, ardhi inayotikisika, anga jekundu juu ya mabati: hivi havina mlango huo kwa mtu wa Goma. Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikapasuka tena, siku tano baadaye wakazi wa kartiye (mitaa) 10 kati ya 18 wakaambiwa wahame, na mitetemeko iliendelea kwa siku kadhaa. Waliokuwa watoto wakati ule ndio walioketi darasani leo. Ya vita siyaelezi, kila msomaji ana yake.

Kwa hiyo, kabla ya kupiga picha, someni orodha ya sauti na ya picha mbele ya watu wazima wawili au watatu ambao si walimu wenu wa sinema. Waulizeni: «Kuna kitu hapa ambacho usingependa mtoto wako akisikie ghafla usiku?» Watakachokitaja kiondolewe, hata kama ndicho mlichokuwa mkikipenda zaidi. Mlio wa risasi uondoke bila hata kuuliza. Trela itachezwa kwenye simu yenye spika katika parseli ya mtu, na jirani wa pili hataona skrini, atasikia tu.

Mlima wenyewe mnaweza kuutumia mkiutafiti. Mgeni huutazama ule mwanga mwekundu juu ya Nyiragongo akasisimka. Mkazi anauona akienda choo usiku, akarudi kulala. Kinachomkosesha mkazi usingizi ni mlima kubadilika. Katika milipuko ya 1977 na 2021 ziwa la lava lililokuwa kileleni lilimwagika likatoweka, na mwanga ukatoweka nalo. Mzee anayetoka nje, akatazama juu na kuuliza «Leo mbona mlima mweusi?» ananishtua kuliko moto wowote wa kompyuta. Lakini hata shoti hiyo ipitisheni kwa wale wale watu wazima.

Jambo jingine ni mtoto mchawi. Vikundi vinaipenda hadithi hii kwa sababu ni rahisi na kila mtu ameisikia kanisani. Iacheni. Mtoto anayeitwa mchawi katika mji wetu hupigwa na kufukuzwa nyumbani, na sheria ya Kongo ya mwaka 2009 ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemshutumu mtoto kwa uchawi. Trela itazunguka WhatsApp bila maelezo yenu, na yule mdogo aliyeigiza atabaki na jina hilo kwenye avenyu yao. Mtoto anayeona kitu ambacho wakubwa hawakioni, sawa. Mtoto ambaye yeye ndiye chanzo cha ubaya, hapana.

Mmesimamishwa katikati ya kazi, au majirani wamekuja na fimbo

Mpango ulikuwa na orodha ya vifaa na ya waigizaji, haukuwa na orodha ya watu wa kuarifiwa. Mtu akipiga yowe usiku katika kartiye zetu, watu hupiga masufuria na filimbi mpaka mtaa mzima uamke. Ndio ulinzi walio nao, na hawana njia ya kujua kwamba yowe lenu lilikuwa la mazoezi.

Mayowe yote yarekodiwe mchana, ndani ya nyumba, mwigizaji na simu wakiwa chini ya blanketi zito. Hapo sauti inatoka safi kuliko ya uwanjani. Usiku mwigizaji afungue kinywa tu, sauti itawekwa kwenye montaji.

Kisha zungukeni: kwanza mwenye parseli, halafu nyumba kumi, halafu shefu wa avenyu, na ofisi ya kartiye ikiwa mtatoka barabarani. Msimtume mdogo wenu. Aende anayejua kujieleza, pamoja na mwalimu au barua ya shule yenye muhuri, na maneno awe ameyapanga:

«Jambo papa. Sisi ni wanafunzi. Jumamosi, kuanzia saa kumi mpaka saa moja usiku, tutacheza sinema fupi kwenye parseli ya mama huyu. Tutakuwa watu saba. Hakuna silaha na hakuna kelele. Tunaomba utusaidie kuwaambia majirani, na namba ya mwalimu wetu ni hii.»

Sentensi ya silaha ni ya lazima, na iwe kweli. Bunduki ya mbao, panga la plastiki, nguo inayofanana na sare, vyote vitoke kwenye senario, ile hadithi mliyoandika ya kuigiza. Mwenye bunduki halisi akiiona ya mbao kutoka mbali hatasogea kuipapasa. Na kamera isielekezwe uwanja wa ndege, mpakani, bandarini wala kwenye kizuizi chochote, hata kwa shoti ya sekunde moja mkiwa juu ya pikipiki mnapita.

Daftari la utafiti limejaa, lakini halikuamua chochote

Kurasa ni nyingi, kuna hata mchoro wa duara uliopakwa rangi. Ukiuliza kwa nini trela inaanza na mlango na si ziwa, hakuna anayeweza kufungua daftari akajibu. Utafiti ulifanywa kwa ajili ya kurasa.

Angalieni maswali yenu. «Unapenda filamu za kutisha?» «Ndiyo.» Sasa mtafanya nini na ndiyo hiyo? Kipimo changu ni hiki: kama majibu yote yanayowezekana yanawaacha na mpango ule ule, swali lifutwe. Jaribuni haya: «Ni sauti gani usiku inakufanya upunguze redio usikilize?» «Kuna mahali katika kartiye yenu ambapo hupiti peke yako, na kwa nini?» «Ulipokuwa mdogo ulikatazwa kufanya nini giza likiingia?»

La mwisho ndilo lenye mali. Wazee watawapa makatazo: kupiga mluzi usiku, kufagia nyumba usiku, kuitika jina lako ukiitwa na usiyemwona. Kila katazo ni nusu ya trela. Linasemwa, mtu analivunja, picha inakatwa.

Mzee msimhoji kama mtu aliyekamatwa. Ketini, mwacheni aanzie anapotaka, na kabla ya kuondoka mwombeni ruhusa ya kutumia alichosimulia. Akisimulia ya ukoo wake, au ya kaburi la mtu anayejulikana, badilisheni mahali na watu mpaka mwenyewe asijitambue. Na msiridhike na msimulizi mmoja. Mkiuliza juu ya mamba muntu, kiumbe wa masimulizi anayesemwa kuishi ziwani, mmoja atawaambia hutoka alfajiri, mwingine usiku wa manane, wa tatu atasema ni uongo wa wavuvi wasiotaka wageni kwenye sehemu yao. Chagueni pale wasimulizi wanapopingana, maana hapo pana nafasi ya kubuni bila kumkosea mtu.

Sehemu ya pili ya utafiti ni ukweli wa mambo, na huwa inarukwa. Kwa mfano «ziwa litalipuka», ambalo kila kikundi huliwaza. Mnaandika mawimbi ya moto, kisha mnakwama kwa sababu hakuna anayejua kuyatengeneza. Lakini someni. Vilindi vya Ziwa Kivu vimebeba gesi iliyoyeyuka, karibu kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani zikipimwa kama hewa ya kawaida, na uzito wa maji ndio unaozishikilia chini. Mwaka 1986, katika Ziwa Nyos huko Kameruni, kaboni dioksaidi ilitoka usiku ikaua watu zaidi ya 1,700, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Hakukuwa na moto. Nyumba zilibaki zimesimama, na mifugo ilikuwa imelala chini kila mahali. Hiyo mnaweza kuipiga picha kwa simu: redio inayoendelea kuongea katika nyumba ambayo hakuna anayeizima. Ukweli umewapunguzia gharama na kuwaongezea hofu.

Sehemu ya tatu ni kutazama trela za wengine, na kutazama huko kuwe kwa kalamu. Chagueni moja tu. Mmoja aipakue, mpeane kwa simu ili msimalize mega za intaneti bure. Gaweni ukurasa safu nne: sekunde, picha, sauti, na kile ambacho mtazamaji anakijua kufikia hapo. Trela ya dakika mbili itawala mchana mzima. Mtagundua wenyewe mahali maisha ya kawaida yanapovunjika, mahali mikato inapoongeza mwendo, na kwamba kabla ya mshtuko mkubwa sauti karibu zote hutolewa. Kuhusu urefu, mwaka 2014 chama cha wenye kumbi za sinema Marekani kiliomba trela zisizidi dakika mbili. Hao wana filamu nzima ya kuchotea. Ninyi wenye shoti ishirini, kaeni kati ya sekunde 60 na 90.

Na kwa kikundi kisicho na kitu kabisa, tafuteni trela ya Psycho ya mwaka 1960. Ina zaidi ya dakika sita, na karibu yote ni mwongozaji mwenyewe, Alfred Hitchcock, akimtembeza mtazamaji kwenye moteli na nyumba ya jirani, akionyesha mahali mambo yalipotokea na kukatiza sentensi zake kabla hazijafika mwisho. Mauaji yenyewe haonyeshi. Wanafunzi walio na trela bila filamu wanaweza kujifunza hapo kuliko kwenye trela kumi zenye milipuko: mtu mmoja, parseli moja, na vidole vinavyoonyesha mahali.

Trela inasimulia filamu nzima

Mliandika senario ya filamu fupi kisha mkaikata vipande. Andikeni upya, safari hii mkianza na maswali mawili au matatu ambayo mtazamaji lazima aondoke nayo. Shoti yoyote inayojibu mojawapo inatoka. Bibi akianza kueleza laana ilitoka wapi, mkateni katikati ya neno.

Mahali palitisha kwa macho, kwenye simu ni giza tupu

Kukagua maeneo mlikwenda bila simu, au mlikwenda saa nyingine na siku ya kazi mkaja saa nyingine. Goma ina ugumu wake hapa. Mawe ni meusi, ukuta wa mawe ni mweusi, na mwigizaji mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele yake jioni simu haimtenganishi na ukuta. Mkiiacha ijiamulie, itaona weusi mwingi, itaongeza mwanga kila mahali, na picha itajaa chembechembe za kijivu. Bonyezeni kidole juu ya uso kwenye skrini na mkishikilie mpaka mwanga na fokasi vifungwe, kisha mshushe mwanga kidogo. Halafu taa moja iwekwe nyuma ya mwigizaji au ubavuni, isiyoonekana kwenye picha, ili mstari wa mwanga upite kwenye bega na shavu. Mafuta kidogo usoni husaidia mstari huo kuonekana. Taa ya mbele, ile ya simu ya rafiki aliyesimama kando ya kamera, ndiyo inayoleta sura ya picha ya sherehe.

Jioni nayo inadanganya. Tuko karibu na ikweta, jua linazama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima na giza linaingia mara moja. Ule mwanga wa bluu unaofaa kwa kutisha unadumu kama dakika 20, na mpango ulioandika «shoti nane za magharibi» ni mpango wa siku tatu. Andikeni shoti mbili kwa jioni, mfanye mazoezi saa kumi na moja, mwanga ukifika kila mtu awe mahali pake. Zinazobaki pigeni mchana chini ya kivuli, mkishusha mwanga na kuongeza bluu kwenye montaji, mradi anga lisionekane hata kidogo. Anga jeupe linasema ni mchana hata mkipaka nini.

Sasa usalama, na hapa sina mzaha. Trela za kutisha zinapenda mwili uliolala kwenye bonde dogo alfajiri, ukungu ukiwa chini. Kuzunguka Goma, hasa upande wa ziwa kuelekea mji wa Sake, mahali pa namna hiyo pana mazuku. Ni kaboni dioksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hujikusanya kwenye mashimo na mabonde, haina rangi wala harufu, na huwa nyingi zaidi usiku na asubuhi kabla ya jua na upepo kuitawanya. Pale inapofika sehemu kumi kwa mia ya hewa au zaidi, mtu huzimia upesi, na anayeinama kumwinua huanguka juu yake. Wadudu, mijusi au ndege waliokufa chini ni alama ya kuondoka. Msijaribu kupima kwa mshumaa wala kwa kushuka mmoja mmoja. Ulizeni wenyeji kabla ya kuchagua mahali, na mwili wa kuigiza ulale juu ya ardhi iliyoinuka, saa tisa alasiri. Ubonde utengenezeni kwa kushusha kamera.

Mngurumo mlioutegemea haupo

Kwenye vipokea sauti vya masikioni ulikuwa unatikisa kifua. Kwenye simu ya mtazamaji hakuna kitu, mwigizaji anashtuka bila sababu. Spika ndogo ya simu haiwezi kusukuma sauti nzito sana, na trela yenu itasikilizwa hapo hapo. Kwa hiyo kwenye mpango wa sauti, kila mngurumo upewe mwenzake wa juu kidogo: bati linalokwaruzwa, kamba inayokazwa, pumzi karibu na mikro. Sikilizeni kila toleo kwenye simu mbovu kuliko zote za kikundi.

Sauti zenyewe msipakue. Kila kikundi kinapakua mlango ule ule unaolia. Tumieni wiki ya utafiti kurekodi za hapa: mvua kubwa ikianza juu ya bati, gurudumu la chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, likipita kwenye mawe mbali, jenereta ya jirani inayozimika na ukimya unaofuata. Hiyo ya jenereta ina kazi mbili, maana inaleta giza pia, na kila mtu mjini anajua hisia ya sekunde ile.

Michirizi inapanda na kushuka kwenye picha

Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za LED za bei rahisi zinapepesa. Kwenye programu ya kamera wekeni shata (kasi ya kufungua kamera) 1/50 au 1/100, picha 25 kwa sekunde. Simu isipokubali, badilisheni taa. Jaribuni siku ya kukagua mahali.

Ratiba imevunjika

Anayeigiza msichana anatakiwa nyumbani kabla ya giza, na trela nzima ni ya usiku. Hili lingejulikana siku ya kwanza kama mtu angeenda kuongea na mama yake. Waigizaji wachaguliwe pamoja na saa zao, na mzazi aelezwe trela inahusu nini, si kwamba «tuna kazi ya shule». Mzazi aliyeshirikishwa huwa anakuja na thermosi ya chai. Aliyefichwa anakuja kumchukua mtoto katikati ya shoti.

Batri zijazwe usiku wa kuamkia siku ya kazi, na asubuhi mtu mmoja azikague zote kwa mkono wake, kwa sababu umeme unaweza kukatika saa tano usiku na kila mmoja akadhani ya mwingine imejaa. Kila mwigizaji apigwe picha ya nguo na nywele kabla ya kuondoka. Akirudi wiki ijayo na nywele zimesukwa, shoti za mwanzo zitakuwa zimepotea.

Kila kitu kiko sawa, ila waliotumiwa wanasema picha ina ukungu

Mmeituma WhatsApp kama video, nayo imebanwa. Itumeni kama dokumenti. Kabla ya hapo mwiteni mtu ambaye hajasikia lolote juu ya kazi hii, atazame mara moja, mumuulize filamu inahusu nini na angependa kujua nini zaidi. Akitaja mojawapo ya yale maswali mliyoandika, tumeni. Akiuliza «na yule dada kwa nini hakupiga kelele?», rudini juu kwenye dalili ya kwanza.